Asilimia Sitini na Vikombe Vitatu

Benchi lao liko mbele ya mkahawa wa Nazif, hapa Gornji Lug, Bosnia, likitazamana na lango la kiwanda cha chuma. Watu watatu, maneno ya watu thelathini. Antena, fundi wa televisheni, hunasa kila habari na kuisambaza bila kuichuja. Waziri alistaafu udereva wa garimoshi la makaa, na tangu hapo hajawahi kukosa jibu. Wa tatu ni Hidajet wa tanuri kubwa, mtu wa maneno machache, amebakiza miezi kumi na moja tu apate pensheni. Tanuri limezimwa, hii ni wiki ya tatu. Wameambiwa ni matengenezo, wapumzike mpaka waitwe. Simu ameilaza pajani, na kila ikitikisika moyo wake unatangulia kupokea.

— Sikilizeni hii! Antena akakunjua gazeti. “Kiwanda chapunguza hewa ya ukaa kwa asilimia sitini, miaka minne kabla ya siku ya ahadi.” Na mkurugenzi kapewa tuzo!

— Si niliwaambia? Waziri akadakia. Mchumia juani hulia kivulini.

— Inahusu nini hapa?

— Kivuli ni miti, bwana. Wamepanda msitu kisirisiri.

— Msitu wapi, wewe? Hewa wanaikamata, wanaishindilia kwenye chupa, wanatuuzia maji ya soda. Ndiyo maana siku hizi nikicheua majirani wanaitikia.

— Wewe unacheua burek za nyama za Nazif. Ukweli ni huu: kuna bomba chini ya mlima, hewa yote inaishia kwa jirani zetu wa Donji Lug. Hujaona timu yao inavyoishiwa pumzi kipindi cha pili?

— Mbona hawalalamiki?

— Watalalamikaje, na uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi?

Hidajet akakohoa kidogo.

— Jamani, tanuri limezimwa. Kilichozimwa hakitoi moshi.

— Acha kurahisisha mambo, Hidajet! Waziri akamkemea. Hii ni sayansi. Kwanza, wiki jana si mkurugenzi aliwaita ukumbini? Alisemaje?

— Alisema sisi ni familia moja. Tukapewa kahawa.

— Unaona! Watu wa adabu hao.

— Kikombe cha kukaribishwa. Kisha cha mazungumzo. Kisha...

— Usiniambie cha tatu, Antena akasema polepole.

— Cha tatu. Nikaona ni ukarimu. Nikashukuru, na sukari nikaongeza.

Bosnia nzima hakuna asiyejua kwamba kikombe cha tatu humwambia mgeni avae viatu vyake. Hidajet amekinywa katika nyumba nyingi, akaaga bila kinyongo. Kiwandani hakukitambua kwa sababu pale hakujiona mgeni. Miaka thelathini na minne mbele ya moto ule! Sasa kilimwuma mpaka macho yakamwasha.

— Labda mwandazi hajui mila, Antena akasema.

— Bila shaka ni mtu wa Austria, Waziri akaunga mkono.

Wakati huohuo Mevlida, mke wa Hidajet, akatokea sokoni na mfuko wa pilipili hoho.

— Hamjambo, mabwana.

— Hatujambo, shemeji! Umesikia? Asilimia sitini!

— Nimesikia, hongereni. Akamgeukia mumewe. Hidajet, wiki tatu nakuamsha saa kumi alfajiri. Unavaa nguo za kazi, unakaa jikoni na simu yako. Kesho nikuamshe, au nikuache ulale?

Antena akalirudia gazeti, akapekua hadi ukurasa wa michezo. Waziri akafumbua kinywa, akakifumba. Hidajet alimtazama mkewe, na aibu ikamjaa usoni.

Mevlida akasubiri. Akaweka mfuko chini, akawasogeza wanaume kwa nyonga, akaketi pale benchini kando ya mumewe. Kisha akamwita Nazif alete kahawa, ya kwanza.