Adrien Akilimali na Ziwa Lililopanda

Marehemu Adrien Akilimali alizaliwa Kajaga, kando ya Ziwa Tanganyika, tarehe 12 Machi 1949, mtoto wa pili wa Bwana Mugisho, fundi seremala kutoka Bukavu, na Mama Marguerite, aliyekausha na kuuza ndagala, dagaa wa ziwani. Alibatizwa Pasaka ya mwaka uleule.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1962, akaingia sekondari mjini. Mwalimu wake wa jiografia, Bwana Hyacinthe, alikuwa akisoma kitabu, wanafunzi wakiandika. Kesho yake kila mmoja alisimama, mikono imekunjwa kifuani, akarudia neno kwa neno. Mei 1964 somo lilikuwa kwamba maji ya Ziwa Tanganyika hupungua kila mwaka. Wiki hiyohiyo ziwa lilikuwa limeingia jikoni kwa Mama Marguerite, na Adrien alifika darasani suruali imelowa hadi magotini.

“Mwalimu, ziwa inapanda. Iko mu nyumba yetu.”

“We Akilimali, nani amekuuliza?”

“Apana mutu, mwalimu. Lakini twende tuone.”

“Samaki amesema!” wenzake walicheka. Mwalimu hakucheka. Alimfukuza mpaka atakaporudi na mzazi na kusema somo mbele ya darasa lote.

Siku nne Adrien alikataa. Alishinda nyumbani akipandisha vyombo juu ya kitanda. Siku ya tano mama yake alimwambia, “Mwana wangu, nyumba inaenda. Na masomo nayo iende? Sema ile anapenda, tutoke apo.”

Walikwenda wote wawili. Adrien alikunja mikono, akasema maji hupungua kila mwaka. Mama alisimama mlangoni, kitenge chake kikidondosha maji sakafuni. “Sasa umeelewa,” mwalimu akasema. Katika mtihani wa mwisho wa mwaka swali hilo lilikuja, Adrien akaandika jibu hilohilo, akawa wa kwanza. Baba alipotaka kuitundika karatasi ya matokeo ukutani, Adrien alimwomba asifanye hivyo. Hakueleza sababu, na mama hakumwuliza.

Mwaka 1969 alianza kufundisha huko Musaga. Darasani kwake, mtoto aliyesema “sikubali, mwalimu” aliambiwa asimame aeleze kwa nini. Mkurugenzi wa shule alimwonya mara mbili kwamba shule si baraza. Oktoba 1973 alimwondoa darasani, akampa kazi ya kutunza stoo ya vitabu, chumba kisicho na dirisha. Adrien alikuwa na watoto wa kulisha, hakuweza kuacha kazi. Alikaa humo zaidi ya miaka minne, akisikia kupitia ukutani darasa lake la zamani likiimba majibu.

Tarehe 14 Agosti 1971 alikuwa amefunga ndoa takatifu na Dative. Ndiye peke yake aliyeambiwa habari ya ile karatasi ya matokeo. Alipenda kumtania, akimwita kwa jina la binti yao: “Papa Scholastique, mu nyumba hii unabishana na kila mutu, hata na radio.” Adrien alijibu, “Kule nimefungwa mudomo, mama. Niachie radio.”

Februari 1978 figo zilianza kumsumbua. Alilazwa hospitalini mara tatu. Juma la mwisho alimwambia binti yake wa kwanza, Scholastique, mwenye miaka sita, kwamba Jumapili atarudi nyumbani.

“Apana, papa. Miguu yako imevimba. Hautaweza.”

“Nyamaza! Unabisha baba yako?” Dative alisema.

Adrien aliinua mkono. “Umwache. Ameona.” Akamshika mtoto, akamwomba amweleze yote aliyoyaona, na mtoto akamweleza, pole pole, bila kuogopa.

Alifariki Jumapili hiyo, tarehe 18 Juni 1978, saa mbili asubuhi, akiwa amepokea sakramenti.

Ameacha mama yake, Marguerite. Mjane wake, Dative. Na watoto watatu: Scholastique, Aloys na Daphrose.

Bwana ampumzishe Adrien mahali ambapo ataruhusiwa kuuliza.