Mzee Philemoni Yiamat na Fanksheni Zake Arobaini na Moja

Tarehe 30 Juni 2025, Mzee Philemoni Yiamat anastaafu baada ya kuitumikia ofisi yetu ya kanisa ya Usa River kwa miaka ishirini na saba, akitunza mfumo wa kompyuta ambao sharika hutumia kuandikisha ubatizo, kipaimara na ndoa.

Alipoanza, vivinjari vya wakati ule, yaani programu za kufungulia kurasa za mtandao, vilikuwa na upungufu mwingi. Kwa subira aliandika, kwa lugha ya JavaScript, fanksheni saidizi arobaini na moja, yaani vipande vidogo vya programu vya kufanya yale ambayo lugha yenyewe haikuyaweza. Kimojawapo kiliondoa nafasi tupu mwanzoni mwa jina. Kilihitajika sana, kwa kuwa makarani wetu, waliojifunzia kwenye taipureta, huanza kila mstari kwa nafasi tano. Aliyewafundisha hivyo ni Mzee Philemoni mwenyewe.

Miaka ikapita, na lugha ikajifunza yote hayo bila kumwomba ruhusa. Januari mwaka huu mkuu wa kitengo, Bi. Nashipae Sankale, aliagiza fanksheni hizo ziondolewe, akakusudia kuwakabidhi vijana kazi hiyo. Mzee Philemoni aliomba jambo moja tu: azifute kwa mkono wake kabla hajaondoka. Alikubaliwa, kwa sharti kwamba asiharibu kitu.

Asubuhi moja ya Mei akaharibu. Mahali pamoja alifuta ile ya nafasi tupu bila kuweka mbadala, majina yenye nafasi tano yakawa hayapatikani, na asubuhi hiyo mzee wa kanisa mmoja wa upande wa Makumira, Bwana Lemburis, akaarifiwa na mfumo kwamba hakuwahi kubatizwa. Alipiga simu kwa upole, akauliza kama aendelee kuhudhuria vikao.

“Shikamoo, Mzee,” alisema Bi. Nashipae. “Naona umemrudisha mwenzio upagani.”

“Marahaba, mwanangu. Atakuwa Mkristo kabla ya chai.”

Saa nne kasorobo alikuwa Mkristo. Bi. Nashipae alimwachia fanksheni tatu zilizobaki, ila alisogeza kiti karibu.

Ijumaa iliyopita alifuta ya mwisho. Sote tulisimama nyuma yake tukingoja kitu kiharibike. Hakikuharibika, kurasa zilifunguka upesi kuliko jana yake. Yeye aliendelea kungoja kwa muda mrefu kuliko sisi.

Mzee Philemoni, tunakushukuru kwa uliyoandika, na zaidi kwa uliyofuta. Bwana akujalie afya na miaka ya utulivu. Mfumo hauoneshi dalili yoyote ya kukukumbuka. Kazi hiyo tumeichukua sisi.