Ndeti Wathome na Kitufe Kilichobatizwa Mara Moja

Mchungaji, wazee wa kanisa, majirani wa Donholm na Njiru, ndugu mliotoka Mbooni alfajiri na mtakaorudi huko pamoja nasi kumzika, naitwa Kavinya, dada mdogo wa marehemu, na familia imenituma niwasomee maisha yake. Kamati ya mazishi ilikuwa imeandaa karatasi nzuri iliyomwita mhandisi mashuhuri katika kila aya, nayo tumeiweka kando, kwa sababu marehemu hakuwa mhandisi, na kwa sababu karatasi ile haikumtaja Wanyonyi, aliyekuwa bawabu wa geti letu, ambaye alifutwa kazi kwa kosa la ndugu yetu, na leo ndiyo siku ambayo wengi wenu mliomhukumu mmekaa mahali pamoja na mmenyamaza.

Josphat Ndeti Wathome alizaliwa tarehe 9 Juni 1974 mtaani Makadara, mtoto wa pili wa Mzee Wathome, dereva wa halmashauri ya jiji, na Mama Muthoki, fundi cherehani, ambao wote wawili wametutangulia, na kwa habari za leo tunaona ni afadhali. Alianza darasa la kwanza mwaka 1981 hapo hapo Makadara, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1988, kisha akasoma sekondari Machakos hadi mwaka 1992, ambako alijulikana kwa kufungua redio za wenzake na, mara mojamoja, kuzifunga tena. Mwaka 1996 alipata diploma ya elektroniki katika chuo kimoja cha mjini, diploma halali, ya jasho lake, ambayo haikuhitaji kuongezewa cheo na kamati yoyote.

Mwaka 1997 aliajiriwa Industrial Area, katika kampuni iliyoingiza nchini redio za mabawabu, rimoti za mageti na vifaa vingine vinavyozungumza bila waya, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kupeleka sampuli zikapimwe maabara na kuiombea kila aina ya kifaa idhini kutoka kwa mamlaka ya mawasiliano kabla hakijauzwa. Wenzake wa kampuni, ambao nawaona pale nyuma, watakumbuka jinsi alivyowaelezea wageni kwamba maabara huangalia kama kifaa kinakaa kwenye masafa yake, kama hakipigi kelele kwenye masafa ya jirani, na kama kinaweza kusikia vizuri hata wenzake wanapopiga kelele. Kifaa kilichopita na kubandikwa kibandiko, yeye alikiita kimebatizwa, neno lililoanza kama mzaha wa kazini na mwisho likawa neno la mtaa mzima, hata mama wa mboga akiuliza bei ya chaja alitaka kujua kwanza kama imebatizwa. Na aliwafundisha vijana wake kwamba cheti ni cha kifaa kile kile kilichopimwa, kwamba mwenye kiwanda akibadilisha redio iliyo ndani, hata kama ganda la nje ni lile lile, hicho ni kifaa kingine, kirudi maabara.

Tarehe 18 Agosti 2001 alifunga ndoa na Nthambi katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Muthoki mwaka 2003 na Nzau mwaka 2007, na tunaomba isikike wazi kwamba mke na watoto hawakujua lolote kuhusu haya yanayofuata, ingawa chakula tulichokula nyumbani kwake, mimi nikiwemo, na nilikula vizuri, kilitoka humo.

Mwaka 2016 alifungua duka lake Donholm, na mwaka 2019 akaleta kile kitufe mnachokijua, cha kuvaliwa shingoni na wazee, ambacho mtu akianguka anakibonyeza, na kipokezi kilicho kwa bawabu getini kinalia. Shehena ya kwanza aliipeleka maabara kama sheria inavyotaka, ikapita, ikabatizwa. Shehena ya pili ilifika mwaka 2022 ikiwa na ganda lile lile na redio nyingine ndani, ya bei nafuu, naye aliijua mara tu alipofungua moja, kwani kufungua hakuwahi kuacha. Kupima upya kungechukua miezi, na watu walikuwa wanasubiri, hivyo alisimama sebuleni kwake, akabonyeza, kipokezi cha getini kikalia, akachukua vibandiko vya zamani akavibandika. Kijana wake wa duka alipomuuliza, "Boss, hii si irudi kupimwa?" alimjibu, "Wewe, mtu habatizwi mara mbili," wakacheka, na kwa mzaha huo jambo likaisha.

Jumapili ya tarehe 13 Agosti 2023, asubuhi, magari yakitoka kuja kanisani, jirani yetu Mama Akech, aliyekuwa karani wa reli, alianguka bafuni kwake akavunjika nyonga, akabonyeza kitufe mpaka kidole kikachoka, na hakuna aliyekuja mpaka ibada ilipokwisha. Kwenye mkutano wa wakazi ulioitishwa mchana huo huo Wanyonyi alisimama akasema, "Wazee, hicho kitu hakikulia, mimi nilikuwa macho," na mmoja wetu akamjibu, "Ulikuwa macho na kofia usoni," tukacheka. Mwenyekiti akamgeukia marehemu, "Ndeti, wewe ndiye fundi, kifaa kiko sawa?" Marehemu akakigeuza, akaonyesha kibandiko, akasema, "Mwenyekiti, hiki kimebatizwa." Wanyonyi alikabidhi funguo za geti kabla ya giza, na kwa kuwa habari za mtaa hutembea, hakuna geti jingine la karibu lililomtaka bawabu anayelala, ndiyo maana hadi leo anabeba magunia ya kibarua Industrial Area.

Jumapili iliyofuata marehemu alikaa karibu na geti, akabonyeza kitufe wakati magari yanatoka na kila mwenye gari anabonyeza rimoti yake, na kipokezi hakikusema neno, kwa kuwa redio ile ya bei nafuu huzibwa masikio na rimoti za geti. Alijua siku hiyo. Hakurudi kwa mwenyekiti, hakumtafuta Wanyonyi, na hata vitufe vilivyobaki dukani aliviuza.

Mwezi Januari 2024 figo zake zilianza kushindwa, akawa mtu wa kwenda hospitali kila wiki kusafishwa damu, na huko ndiko alikoniambia, "Kavinya, ile siku Wanyonyi hakuwa amelala." Nilimwambia, "Mwambie Wanyonyi, mdomo bado unao." Akasema atamwambia akipata nafuu, nafuu ikaja, hakumwambia, na ilipoondoka alisema, "Basi utasema wewe, kanisani, mimi nitakuwa nimelala, hamtanigombeza." Alifariki Jumapili tarehe 2 Machi 2025, akiwa na umri wa miaka hamsini. Tulimpenda, na tunamwonea haya, na hatujapata namna ya kuyatenganisha hayo mawili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliompeleka hospitali kwa zamu, wenzake wa kazi waliochangia na waliokesha nasi, na kwaya. Marehemu aliuza mkono kwa mkono, hapa kanisani na kwenye vyama, hakuandika nani alinunua, kwa hiyo tunawaambia ninyi wenyewe: kitufe hicho, kiwe cha shehena ya kwanza au ya pili, kwa macho hamtaweza kutofautisha, msikitegemee, mleteeni Nthambi vyote, na hasara ni ya familia. Mama Akech, asante kwa kuja na mkongojo wako, naona kitufe bado unacho shingoni, ulikiamini kibandiko na ukamlaumu mtu, mama yangu, tunakuomba ukivue.

Mwenyekiti, uko kiti cha mbele, familia inakuomba uitishe mkutano mwingine wa wakazi, na haya niliyoyasoma yasomwe pale pale Wanyonyi alipochekwa.

Na wewe Wanyonyi, uliyesimama mlangoni ingawa viti vipo, hatuna la kukushukuru, tuna la kukuomba radhi, na hatutazamii jibu leo. Hukuwa umelala. Ndeti, kaka yangu, sasa lala wewe.