Askari wa Damu ya Mama Reine

Hapa Cedar, mtaa wetu wa wahamiaji huku Minnesota, mbele ya duka la Msomali anayeuza kahawa ya tangawizi, kuna benchi ambalo theluji ikiisha tu linapata wenyewe. Maurice, Mkenya anayeendesha gari la kupeleka wagonjwa kliniki, tunamwita Dokta kwa sababu hiyo tu. Anicet wa Uvira tunamwita Jenerali, ingawa maisha yake yote alifundisha darasa la pili. Mimi huwa nasikiliza. Jumamosi moja ya Aprili 2016 alikuja Thaddée, akakaa, akaiacha kahawa yake ipoe. Mkewe Vestine, yaani Mama Reine, alikuwa amekutwa na kansa ya titi. Hospitali ilikuwa inaomba damu yake kwa ajili ya utafiti kabla hajaanza kemo, zile dawa kali za kansa. Walitaka kujua kama chembe za kinga zilizomo kwenye damu zinaweza kuonyesha mapema dawa itamsaidia nani na nani haitamsaidia.

— Nimwambie akubali ao akatae? aliuliza.

Dokta alikuwa na jibu tayari. Kwake hilo lilikuwa jambo la gari: huwezi ku-drive mpaka mji wa mbali kama Duluth bila kuchomoa kijiti cha injini na kuangalia oili. Jenerali akamwambia aache mambo ya gereji. Chembe za kinga ni askari, alisema, na askari hupimwa kwa vita alivyopigana. Wa Mama Reine walipigana na malaria Uvira, wakapigana na kipindupindu kwenye kambi ya wakimbizi. Hao wote wana vyeo.

— Mon frère, ndugu yangu, mle ndani kuna makoloneli.

Dokta akapinga. Hao makoloneli wamekaa Minnesota wakila piza, sasa wana vitambi. Tena baridi ya Januari iliwagandisha, kwa hiyo damu isubiri Julai. Jenerali akapanda juu zaidi: askari wa Kongo hawasikii Kiingereza, dawa ikiingia na kutoa amri watabaki wanatazamana. Ingefaa muuguzi aongee Kiswahili wakati anatundika dripu. Dokta naye hakubali kushindwa. Akasema basi damu ichukuliwe Jumapili baada ya kwaya, ikiwa bado imechangamka.

Thaddée alisikiliza yote kwa makini, hata la kwaya. Ndipo nikajua jinsi alivyoogopa.

Katikati ya hayo Vestine akashuka kwenye treni, kituo cha hapo jirani, na mfuko wake wa mboga. Alitusalimia mmoja mmoja, akauliza tunabishania nini. Jenerali akamweleza kwa heshima zote, akairuka habari ya vitambi.

— Damu? Nilishatoa Alhamisi, alisema. Hata haikuuma.

Thaddée hakujua. Kila mkewe alipokwenda kliniki, yeye alibaki nje akitafuta parking, na parking ilikuwa haipatikani mpaka mama amalize. Vestine akaweka mfuko chini, akamtazama.

— Baba Reine, hiyo damu ikisema dawa haitanisaidia, wewe utafanya nini?

Dokta alianza kukagua matairi ya magari yanayopita. Jenerali alikoroga kikombe kilichokuwa kitupu.

— Sijui, Thaddée alisema mwishowe. Ndiyo maana nakaa hapa.

Vestine akajibana kati yao, akanywa ile kahawa baridi ya mumewe yote.

— Basi Jumanne usikae hapa.

Jumanne, siku ya kemo ya kwanza, alikwenda naye. Kilichotokea huko tulisimuliwa na Vestine, kwa sababu Thaddée alikataa kukisema. Muuguzi alipomwingizia mama sindano ya kemo, aliyeanguka ni baba. Akapimwa presha yeye, akaletewa juisi yeye, akalazwa kwenye kiti cha jirani huku mkewe akimpepea kwa mkono ulio huru. Kuhusu damu, daktari aliwaeleza kwamba inalinganishwa na ya wanawake wengine wengi, na majibu yatawafaa watakaougua baadaye. Yeye Vestine hatapewa utabiri wowote. Alisema ni sawa, watakaougua baadaye nao ni watu.

Sasa ni Agosti, na uvimbe umeanza kupungua. Thaddée hajakosa dozi hata moja. Anageuza uso ukutani, lakini mkono wa mkewe hauachii. Vestine anasema anaubana mpaka muuguzi humwomba alegeze kidogo, dawa ipate kupita.