Historia ya Zimataa, Ambaye Hakustaafu

Wazee wetu, majirani, wafanyakazi wenzake wa zamani, na nyote mlioacha shughuli zenu leo Ijumaa, tarehe 8 Machi 2024, mkaja kusimama nasi, nimepewa kazi ya kusoma historia ya kaka yangu kwa sababu mimi ndiye ninayemfuata kuzaliwa, na kwa sababu kwa miaka thelathini na moja nilikula mshahara wa kupiga chapa maneno ya watu wengine bila kuyagusa. Karatasi niliyokabidhiwa na kikao cha familia jana ina ukurasa mmoja, na katikati yake kuna sentensi isemayo kwamba marehemu alistaafu kwa heshima mwaka 2007. Baba mdogo, aliyeketi hapa mbele, ameniomba niisome kama ilivyo, kwa kuwa kampuni ya sinema imetuma mwakilishi wake, na kwa kuwa yaliyopita si ndwele. Baba mdogo, nakuheshimu, unisamehe, hii bado ni ndwele, na mimi ninayo kifuani mwaka wa kumi na saba sasa, kwa hiyo ile karatasi nimeiacha nyumbani.

Marehemu alizaliwa Jumapili tarehe 2 Novemba 1958, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa kwanza wa fundi wa breki za mabehewa na mshona nguo. Baba yetu alikuwa mtu wa maneno machache, mama alikuwa na maneno yake na ya baba pia, na sauti yake ilivuka reli sita, ikatupita sisi tunaocheza, ikawafikia hata watoto wa watu ambao hawakuitwa, nao wakaja wakanawa mikono na kula. Mama alifariki tarehe 17 Juni 1979, hatukuwa na chombo cha kurekodia, na sauti ile hatuna. Nawaomba mlishike jambo hilo, kwa sababu bila hilo hamtamwelewa.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, na sekondari kuanzia 1973 hadi 1976, ambako alifaulu fizikia na kufeli historia, na ambako aliifungua redio ya mwalimu mkuu bila ruhusa, akaifunga tena, zikabaki skrubu mbili mkononi, na redio ikasikika vizuri kuliko mwanzo. Alichapwa, kisha akaitwa kutengeneza ya mke wa mwalimu mkuu.

Tarehe 1 Februari 1978 aliajiriwa na kampuni ya sinema kama mfagiaji, katika ukumbi wa mtaa wa maduka ya viatu, na mwaka 1981 akapandishwa kuwa mwendesha mashine, akakaa katika kile chumba cha juu chenye joto la tanuri kwa miaka ishirini na sita. Jina la Zimataa alipewa na watazamaji, ambao walikuwa wakipiga kelele "zima taa!" kabla hata hawajapata viti, naye akitoa kichwa dirishani akawajibu "kaa kwanza!", na hakuzima mpaka wote wamekaa, awe mkubwa wa ofisi au mtoto wa shule.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi, ambayo wenzake waliicheka mpaka wakachoka. Filamu ikikaribia kwisha, alikuwa akishuka zile ngazi ishirini na mbili mbio, anasimama kwenye mlango wa kutokea, anajifanya ananyoosha bango ukutani, kumbe anasikiliza neno la kwanza la kila anayetoka, kisha analiandika kwenye daftari. Alisema neno la kwanza ndilo la mtu mwenyewe, la pili mtu hulisema baada ya kumtazama mwenzake usoni. Madaftari hayo yako kumi na manane, yako kwangu, na asifikirie mtu kuyachoma.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 20 Aprili 1985 na mkata tiketi wa ukumbi huohuo, wifi yangu huyu hapa, ambaye siku zote amesema alimkubali kwa sababu katika jengo lile wanaume walikuwa wengi wa kusema na mmoja tu wa kusikiliza. Walijaliwa watoto wawili, wa kike mwaka 1987, ambaye sasa ni mpima ardhi, na wa kiume mwaka 1991, ambaye ni mwokaji mikate, na wajukuu watatu wenye kelele za kutosha kurithi sauti ya bibi mzaa babu yao.

Sasa nafika mwaka 2007. Jumamosi tarehe 14 Julai, onyesho la saa nane mchana, ukumbi ule ulianza kuonyesha filamu moja ya watoto, wengine mtaikumbuka, ambayo ndani yake watoto wanne wa enzi zetu, wenye kaptula zenye viraka na baiskeli moja ya kugombania, wanaunda chombo kwa redio mbovu na kengele ya baiskeli, chombo kinanasa sauti kutoka miaka hamsini mbele, na sauti yenyewe, wanakuja kugundua, ni ya mmoja wao akiwa mzee. Watoto wanamuuliza kuhusu magari yanayoruka na watu wa mwezini, yeye hajibu hata moja, anauliza tu kama mama yuko jikoni, anawasihi wasogeze chombo karibu na mlango, amsikie akisema chochote. Mama anadhani ni utundu, anawafokea wazime huo mdude, waje wanawe mikono chakula kinapoa. Basi, hilo tu, mzee wa watu kule mbele anashukuru, anasema asante mama, na mawasiliano yanakatika.

Mapokeo ya siku ile yako katika daftari la kumi na nane, la mwisho, nami nayasoma kama alivyoandika. Mtoto wa miaka kama tisa alitoka akiuliza, "Ile simu ya waya walikuwa wanaichaji wapi?" Kijana mmoja alisema, "Hata bunduki hakuna." Fundi gereji, mtu wa mwili, alisema, "Vumbi," akajifuta macho, ingawa sakafu ilikuwa imepigwa deki asubuhi ileile. Mzee mmoja mwenye suti alisema, "Upuuzi mtupu," na pembeni kaka yangu ameandika, macho mekundu. Mama wa watoto wawili alisema, "Leteni simu, nampigia bibi yenu sasa hivi." Nesi mmoja hakusema kitu, alikaa kwenye ngazi na sare yake, na kaka yangu akaacha mstari mtupu kwa heshima yake. Watoto, ambao ndio filamu ilitengenezwa kwa ajili yao, walitoka wakiwatazama baba zao kwa mashaka, na mmoja aliuliza, "Kwani baba amefanyaje?"

Mwandishi mmoja wa gazeti aliandika wiki ile kwamba hiyo ni filamu ya kitoto inayoliza watu wazima, akidhani ametukana. Mtu mzima anayelia akisikia anaitwa kula na mama hana kosa lolote, na kama huo ni utoto, basi mimi mwenye miaka sitini na mbili ni mtoto, na marehemu huyu tunayemzika ni mtoto pia.

Kila onyesho lilikuwa na taarifa yake, fomu ya kupelekwa makao makuu, yenye kisanduku cha Mapokeo ya Watazamaji, chenye upana wa vidole vitatu. Jumatatu yake kaka yangu alileta taarifa kwa mkono, na mpiga chapa aliposoma aliona ameandika kwamba watazamaji walibubujikwa na machozi, naye mwenyewe huko juu yakamtoka, maneno marefu yasiyoingia kisandukuni. Mpiga chapa, kwa haraka zake na kujiona anajua lugha kuliko mwenye lugha, akayafupisha, akachapa hivi: Watu wote walilia ukumbini, na mimi nililia chumba cha mashine.

Mnaocheka, chekeni, hata yeye alicheka, lakini baadaye. Mwezi uliotangulia panya walikuwa wametafuna viti vya safu mbili, makao makuu yakatoa waraka mkali kwamba ni marufuku kula chochote ndani ya ukumbi, na marufuku mara mbili kwenye chumba cha mashine, ambako mafuta ya vidole huharibu filamu. Meneja wa kumbi zote alikuwa na waraka wake mkono wa kulia na taarifa ya kaka yangu mkono wa kushoto, akasoma kwamba watu wote walikula ukumbini na mwendesha mashine naye akala chumbani kwake, na tena amekiri kwa maandishi. Watu mia mbili walilia machozi kwa sauti ya mama, na ofisi ikaona wamelia chakula.

Barua ya kumwachisha kazi iliandikwa tarehe 30 Julai 2007. Aliitwa kwenye kikao, akaeleza maana, meneja akagundua kosa lake, lakini barua ilikuwa imeshagongwa mhuri na mkubwa hapendi kula matapishi yake, kwa hiyo akampa njia, asaini kwamba mpiga chapa ndiye aliyekosea, mpiga chapa aondolewe, yeye arudi kazini. Kaka yangu alijibu, na aliyekuwa mhudumu wa ofisi ile yuko hapa, alisikia, kwamba neno halina kosa hata herufi moja, watu walilia, lililokosewa ni kusomwa kwa tumbo. Akaiacha kalamu mezani, akatoka, na filamu ikaondolewa siku hiyohiyo kwa maelezo kwamba haina mapokeo.

Mpiga chapa huyo ni mimi.

Nilikuwa mjane wa mwaka mmoja, nina watoto watatu shuleni, na nilipomfuata nikamwambia nakwenda kusema ni mimi, alinishika bega akaniambia, nyamaza wewe, wangu wameshakua. Nikanyamaza. Mtaani wakasema Zimataa kafukuzwa kwa ulafi, kageuza sinema kuwa hoteli, watoto wakaimba walichoimba, nami nilipita katikati yao na mkoba wangu nikaenda kazini. Nilistaafu mwaka 2015, nikapewa cheti na saa ya ukutani. Hiyo heshima ya kustaafu iliyoandikwa kwenye karatasi ya kikao ni yangu mimi, na aliyeilipia ni yeye.

Baada ya hapo marehemu alitengeneza cherehani, kwenye kibaraza cha duka la vitambaa, kuanzia Oktoba 2007 hadi Desemba 2020, na hakukosa kazi, kwa sababu Mgawa riziki alimpa mikono. Yule fundi gereji wa vumbi alimletea cherehani mwaka 2009, cherehani nzima isiyo na hitilafu, ya marehemu mama yake, akamwomba aikanyage tu, amsikilizie kama bado inalia vilevile. Kaka yangu aliikanyaga robo saa, na mtu akabeba cherehani yake akaenda zake.

Alianza kuugua figo mwezi Januari 2021, akatibiwa kwa miaka mitatu, akisafishwa damu mara mbili kwa wiki, na hata kule alijua neno la kwanza la kila mgonjwa anayeamka kitandani, wengi, alisema, huuliza saa. Hali yake ilibadilika Jumamosi tarehe 2 Machi, na Jumanne tarehe 5 Machi 2024, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, wifi akiwa amemshika mkono na mimi nikiwa nimeshika miguu, alifariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na mitano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa wale wa chumba cha mashine za figo, waliomvumilia alipowafundisha kuzipaka mafuta. Tunawashukuru majirani, waliopika, waliochota maji na waliokesha nasi. Tunawashukuru wafanyakazi wenzake wa ukumbi, ambao wengi wenu mlijua ukweli na mlimtembelea kimyakimya, na leo nawaambia kimyakimya hiyo imekwisha muda wake.

Tunaishukuru kampuni kwa shada la maua lililoko pale, ni zuri na aliyechagua maua ana jicho. Utepe wake ulikuja umeandikwa Kwa mstaafu wetu mpendwa, na leo asubuhi, kwa kalamu nyekundu ya kusahihishia, nimelikata neno moja na kuandika juu yake, kwa hiyo sasa unasomeka Kwa mfukuzwa wetu mpendwa. Mwakilishi, usinitazame hivyo, ukiona nimekosea njoo uubandue mbele ya hawa watu, nitakupisha. Usipoubandua, basi tumekubaliana, na utepe ule unakwenda naye ardhini.

Naona umekaa. Ahsante.

Kaka, wewe pumzika kwa amani. Kunyamaza uliniamuru wewe, nami nilikutii maisha yako yote, sasa umeniachia mdomo wangu.