Kadi za Jubilei za Mzee Kelestini

Mzee Kelestini Evod Lihami alizaliwa Masagati tarehe 6 Aprili 1950. Alimaliza darasa la nane mwaka 1965, upande wa Mahenge.

Mwaka 1968 aliajiriwa kupanga herufi za madini ya risasi katika kiwanda kidogo cha uchapaji, Ifakara. Kilipofungwa alipewa mashine ya mkono ya kuchapia na kabati la herufi, akavipeleka nyumbani Katindiuka. Droo ya juu ilikuwa na mapambo: maua, misalaba na mistari. Za kati zilikuwa na herufi. Za chini zilijaa vipande butu vya risasi, visivyo na herufi, vya kutenganisha maneno na kukaza ukurasa usimwagike.

Alifunga ndoa na Balbina tarehe 14 Juni 1975. Siku moja Balbina alimuuliza vile vipande visivyo na maandishi ni vya nini.

“Mama Paulina, ukiviondoa hivi, bwana na bibi harusi wanagongana vichwa kwenye kadi.”

Alimwahidi kuwa kadi za jubilei yao ya miaka hamsini angezichapa mwenyewe.

Februari mwaka huu, 2025, kiharusi kilimnyang'anya sauti na mkono wa kulia. Mwezi uliofuata mdogo wake Anold, mvuvi, alikuja kitandani na ndoo.

“Shikamoo kaka. Nimechukua vile visivyo na maandishi, niyeyushe nipate risasi za kuzamishia nyavu. Herufi zako sijagusa hata moja.”

Marehemu aliinua mkono wa kushoto.

“Asante, kaka,” Anold alisema, akaondoka.

Aprili, mjukuu wake Eveline alijaribu kupanga kadi mbele yake. Alipoinua ukurasa, herufi zilimwagika sakafuni. Marehemu akanyoosha kidole kabatini. Eveline akamletea ua. “Hili, babu?” Akaleta jingine. “Au hili?” Kidole hakikushuka. Ni Balbina aliyevuta droo ya chini, akaikuta tupu. Nyavu zilikuwa zimeshaingia mtoni.

“Baba Paulina, tutaandika kwa mkono,” alimwambia. Marehemu aligeukia ukutani.

Alifariki nyumbani asubuhi ya tarehe 19 Mei 2025. Ameacha mjane Balbina, watoto Paulina na Beatus, mjukuu Eveline, na mdogo wake Anold.

Mungu ampe pumziko jema.

Misa ya jubilei iliyopangwa Jumamosi, tarehe 14 Juni, haikufutwa. Itasomwa saa ileile, kwa ajili ya roho ya marehemu.