Afra Stadler, Aliyeushika Mti wa Mei

Baba Paroko, majirani zetu wa Oberlohbach, na ninyi mliovuka mto kutoka Weidenkirchen mkiwa na bendi yenu, familia inawashukuru kwa kuacha shughuli zenu mkaja, na kabla hatujamsindikiza mama yetu inaomba mmpe sikio kidogo, ili habari zake zisemwe mbele ya waliomjua, tangu siku aliyozaliwa mpaka siku Mungu alipomwita.

Marehemu Afra Ledermüller, ambaye kwao aliitwa Afra Stadler, alizaliwa tarehe 25 Februari 1941 hapa hapa Oberlohbach, katika nyumba ya mikate inayotazamana na uwanja wa gulio, akiwa mtoto wa tatu na kitindamimba wa mwoka mikate Korbinian Stadler na mkewe Ottilie. Baba yake aliondoka kwenda vitani Afra akiwa bado hajajifunza kutambaa, akarudi majira ya vuli ya mwaka 1946 amekonda hata mtoto akamkimbia, na Afra mwenyewe alisimulia kwamba hakumzoea baba yule mpaka ilipofika tarehe mosi Mei 1949, siku mji uliposimamisha mti wake wa Mei, ule wa kusherehekea majira ya kuchipua, kwa mara ya kwanza tangu vita kwisha, ambapo alisimama naye kwenye ngazi za duka, akaona msonobari mrefu kuliko mnara wa jumba la mji ukipanda angani taratibu huku wanaume wakiusukuma kwa miti iliyofungwa mfano wa mikasi, akaogopa, akamshika mzee wake suruali.

“Baba, na ukianguka?”

“Ukianguka tutakimbia,” mzee akamjibu, “lakini mimi nitakubeba kwanza.”

Alianza shule ya msingi ya masista mwaka 1947 akahitimu mwaka 1955, akipenda hesabu na kuchukia kufuma, na Sista Adelgunde aliwahi kumwambia mama yake kwamba binti huyu ana mdomo unaotangulia mguu, jambo ambalo mama yake alikuwa analijua. Mwaka huo huo akaingia kujifunza uokaji na uuzaji wa mikate kwa baba yake, akafaulu mtihani wa ufundi mwaka 1958, na tangu Pasaka ya mwaka uliofuata akaachiwa kuoka keki zenye umbo la mwanakondoo ambazo watu hupeleka kanisani kwenye vikapu ili zibarikiwe, kazi ambayo hakumwachia mtu mwingine kwa miaka hamsini na minane, kwa sababu, kama alivyosema, wengine wote walitoa mwanakondoo mwenye sura ya paka.

Ndugu waombolezaji, familia imeona haifai kulipita jambo la Jumapili ya tarehe 24 Aprili 1960, ambalo wengi mmelisikia kwa namna mbalimbali, na Mzee Xaver Brandl, aliye kati yetu leo, ameruhusu lisemwe kama lilivyokuwa. Ilikuwa Jumapili ya Komunyo ya Kwanza, mji mzima uko kanisani, Afra peke yake amebaki tanurini na keki za watoto wa komunyo, na mti wa Mei, uliokwisha kuchongwa na kupakwa rangi nyeupe na buluu, umelazwa kwenye banda la kiwanda cha bia nyuma ya duka, ukilindwa na vijana wanne wa chama cha mti, ambao asubuhi hiyo walikwenda kupata kifungua kinywa, kifungua kinywa kikawa cha kunywewa. Kengele za misa zilipokuwa zinalia, Afra alisikia trekta, akachungulia dirishani, akaona vijana wa Weidenkirchen wameshaupakia mti kwenye magurudumu na wanautoa uani kwa upole kama wanaobeba mgonjwa. Sheria ya miji kuibiana mti kila mtoto wa huku anaijua, ya kwamba mti unaibwa bila ngumi na bila kisu, na ya kwamba mtu wa mji akiuwekea mkono kabla haujavuka mpaka, basi hauibiki tena.

Alitoka mbio na aproni yake, mikono imejaa unga, akaubandika mkono wa kulia kwenye mti, akasema kwa sauti, “Mti unabaki!”

Vijana wale wakacheka. Mmoja akamwambia, “Binti, rudi kwenye mikate yako, utatuchafulia rangi.”

“Rangi imekauka tangu Ijumaa, nimeiona mwenyewe.”

“Mkono wa msichana hauhesabiki.”

“Nani kasema?”

“Kila mtu anajua.”

“Basi huyo kila mtu na aje aniambie, mimi nipo hapa.”

Wakatazamana, wakamtazama kiongozi wao, kijana mrefu, seremala, aitwaye Quirin Ledermüller, naye akaamuru trekta izimwe, akakaa kwenye tairi, akasema watangoja wenye mti watoke misa. Ndipo harufu ya keki kuungua ikaanza kuwafikia pale walipo. Afra aliisikia kabla yao, na alisimulia baadaye kwamba saa ile machozi yalimlenga, kwa kuwa alizihesabu keki zile kwa majina ya watoto, huyu wa fundi viatu, huyu wa mjane wa kinu, akajua kwamba akienda kuziokoa mti umekwenda, na akibaki watoto watarudi kutoka kanisani wakute mkaa. Quirin akamwambia, “Nenda kazitoe, sisi hatusogei, nakuapia.” Afra akamtazama, akamjibu, “Wewe nakuamini, wenzako ndio siwaamini,” akabaki pale pale mpaka moshi ukatoka dirishani.

Misa ilipokwisha mji ukamwagika uwanjani, na hapo lilitokea jambo ambalo marehemu alilikumbuka kuliko keki. Watu wake mwenyewe hawakumshangilia. Xaver Brandl, mwenyekiti wa chama cha mti wakati huo, akiwa na walinzi wake wanne wanaonuka bia, alitazama mkono wa yule binti juu ya mti, akatazama vicheko vya watu, akasema kwamba mkono wa msichana kweli hauhesabiki, kwamba mti umeibwa kihalali, na kwamba Oberlohbach italipa mapipa ya bia na nyama ili kuukomboa, kama desturi inavyotaka, kwa kuwa ilikuwa rahisi kwake kushindwa na wanaume kuliko kuokolewa na muuza mikate. Afra hakuutoa mkono. Ndipo Quirin akainuka kwenye tairi, akavua kofia, akasema mbele ya wote, “Nimeiba miti mitatu maishani mwangu na najua mti ulioshikwa. Huu umeshikwa. Vijana, shusheni.” Wakaushusha, wakaondoka mikono mitupu, na huko kwao walizomewa mwaka mzima.

Siku iliyofuata Quirin alivuka mto na kikapu cha mayai ya mama yake ili keki za watoto ziokwe upya, na mwoka mikate Korbinian akampokea mayai, akamwambia, “Kijana, mayai haya ni mengi kuliko keki.” Quirin akasema mama yake amehesabu vibaya. Akaendelea kuhesabu vibaya kila Jumatatu kwa miaka mitatu.

Marehemu na Quirin walifunga ndoa takatifu katika kanisa hili tarehe 12 Oktoba 1963, na kwa kuwa Korbinian alikuwa amechoka na kaka zake Afra walikuwa wameshika kazi nyingine mjini München, Quirin aliacha useremala akajifunza kuoka, akahamia Oberlohbach. Jambo hilo halikupita bure. Kaka yake, Severin Ledermüller, ambaye siku ile ya mti ndiye aliyeendesha trekta, alisema kwamba mtu aliyewarudishia adui mti, kisha akaenda kuwakandia unga, hana kwao tena, na tangu arusi ile, ambayo hakuhudhuria, hakukanyaga mji huu, wala Quirin hakwenda kumbembeleza. Mungu aliwajalia Afra na Quirin watoto watatu, Leonhard aliyezaliwa tarehe 3 Septemba 1964, Ottilie aliyezaliwa tarehe 19 Machi 1967, siku ya gulio la Mtakatifu Yosefu, duka likiwa limejaa wateja ambao ilibidi wajihudumie wenyewe, na Kilian aliyezaliwa tarehe 30 Juni 1971, nao walikua wakijua kwamba wana baba mkubwa ng'ambo ya mto ambaye hawamwamkii.

Kwa upande wa kazi, marehemu alisimamia duka la mikate tangu mwaka 1968, na hapakuwa na shughuli ya majira ya kuchipua katika mji huu ambayo haikupitia mikononi mwake, maana ndiye aliyepamba kisima cha uwanjani kwa matawi na mayai ya rangi kabla ya Pasaka, ndiye aliyegawa mikate ya kusokota kwa wapanda farasi wa maandamano ya Mtakatifu Georgi, akiwapa farasi kwanza na wapandaji baadaye, na mwaka 1979, Xaver Brandl mwenyewe alipotoa hoja, alikuwa mwanamke wa kwanza kupokewa katika chama cha mti. Alipoulizwa kama amefurahi alisema, “Xaver alihitaji miaka kumi na tisa kufikiri, na kwa Xaver hiyo ni haraka,” wakacheka wote wawili, na tangu siku ile Mzee Xaver alikuwa mteja wa kwanza dukani kila asubuhi.

Mwaka 1996 vijana wetu wengi walikuwa wamekwenda kufanya kazi mijini, mikono ya kusimamisha mti ikapungua, na kikao cha chama kikakaribia kuamua kwamba mti usimamishwe kwa winchi. Afra akainuka akasema winchi haina kiu, haiimbi, wala haijui kujicheka ikikosea.

Xaver akamwambia, “Mama Afra, maneno matamu, lakini mikono haitoshi.”

“Ng'ambo ya mto iko tele.”

“Wale wezi?”

“Wezi ndio wanaoujua uzito wake.”

Kesho yake alipanda baiskeli akaenda Weidenkirchen, peke yake, kwa kuwa Quirin alikataa kwenda kuomba mlangoni kwa kaka yake, akamkuta Severin, aliyekuwa mkuu wa chama cha huko, anapiga randa mbao, akamwamkia shemeji yake kwa mara ya kwanza baada ya miaka thelathini na mitatu. Severin hakuacha randa. Afra akakaa kwenye rundo la maranda, akamwambia hakuja kuomba radhi, maana hakuna aliyekosa, alikuja kuomba mabega. Severin akauliza, “Yeye amekutuma?” Afra akasema, “Angenituma ningekataa. Yeye anakukumbuka, ila ana kichwa kama chako.” Akaaga, akapanda baiskeli, akarudi bila jibu, na usiku huo Quirin alimuuliza mara moja tu kama kaka yake bado ana nywele.

Tarehe mosi Mei, bendi yetu ikiwa imeshaanza kupiga na wanaume wachache wakiwa wamesimama kuuzunguka mti wasijue waanzie wapi, zilisikika ngoma darajani, na Weidenkirchen ikaingia, Severin mbele. Alikwenda moja kwa moja kwenye mikasi ya miti aliyoishika mdogo wake, akashika upande wa pili, wakasukuma bega kwa bega mpaka mchana bila kutazamana, na mti ulipokwisha simama wima na watu wakipiga makofi, Severin akajifuta jasho, akamtazama Quirin tumboni, akasema, “Umenenepa.”

“Mikate,” akasema Quirin.

Ndipo wakakumbatiana, na tangu mwaka ule miji hii miwili husimamishiana mti, na kuibiana huibiana vile vile.

Marehemu alianza kuugua pumu ya unga mwaka 2003, akamwachia Leonhard duka, akabaki na keki zake za mwanakondoo tu, na tangu vuli ya mwaka 2017 moyo wake ulianza kuchoka, akalazwa mara mbili katika hospitali ya wilaya, akarudi nyumbani kwa ombi lake. Tarehe mosi Mei mwaka huu wa 2019 alisukumwa kwa kiti cha magurudumu hadi uwanjani, akala soseji nzima, na Ottilie alipomkumbusha kwamba daktari amesema bia iwe kidogo, alijibu kwamba daktari hakusema kidogo cha nani. Alimwonya pia Ottilie kwamba asizikwe siku ya Alhamisi, kwa kuwa ni siku ya gulio na wachuuzi wana watoto wa kulisha. Jumatano ya tarehe 8 Mei, asubuhi, dirisha likiwa wazi na Quirin amemshika mkono, alimwambia mumewe kwamba amelala vizuri, akafumba macho, hakuyafumbua tena. Ameacha mume, watoto watatu na wajukuu wanne.

Familia inamshukuru kwa dhati daktari wetu na wauguzi wa hospitali ya wilaya waliomtunza na kuvumilia mizaha yake, majirani wa uwanjani walioleta supu kila siku bila kuombwa, wafanyakazi wa duka ambao wiki hii wameoka mikate ya msiba wakilia na hawakuunguza hata mmoja, chama cha mti, shemeji yake Severin, ambaye leo atalibeba jeneza pamoja na Quirin, na wote ambao hatukuweza kuwataja. Ameishi miaka sabini na minane, na alisema mwenyewe kwamba imemtosha na kubaki.

Lala, Mama Afra, lala mpaka kupambazuke, leo hakuna wa kukuamsha.